"Mimi Ilinifanyia Poa" Si Ushahidi

Wasee, kuna sentensi moja nataka tuizike: "Meza tu, mimi ilinifanyia poa."

Mwaka jana sistangu alipata mtoto wa pili, kijana. Nguo za mtoto si mnajua bei, akatoa zile za dadake, zilikuwa zimehifadhiwa kwa begi na zile tembe nyeupe za naftalini za kufukuza wadudu. Siku chache baadaye mtoto amegeuka manjano hadi macho. Majirani: muoteshe tu jua la asubuhi! Hospitali wakasema chembe zake nyekundu za damu zinapasuka. Akalazwa chini ya taa ya bluu, akaongezwa damu. Umanjano ukizidi hivyo unaharibu ubongo, kwa hivyo alitoka karibu sana.

Daktari alipouliza kuhusu naftalini, nyumba nzima ilijibu kitu kimoja: "Lakini dadake alizivaa na hakuwa na shida."

Ndiyo. Dadake.

Huyu kijana ana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Jeni yake iko kwa kromosomu ya X. Msichana ana X mbili, moja ikiwa na hitilafu mara nyingi ile ingine inamsaidia. Kijana ana moja tu, hana spea. Anaweza kuishi miaka bila kujua, mpaka akutane na naftalini, ama dawa kama primakwini, dapsoni, au nitrofurantoini ile watu hupeana kwa hosteli ati ni ya UTI.

Na hii si kitu ya mbali. Hitilafu hiyo husaidia mwili kupigana na malaria kali, ndiyo maana iko kwa wingi penye malaria imekaa vizazi na vizazi, kama Pwani na kando ya Ziwa. Sasa skiza hii. Mwaka wa 2003 dawa ya malaria inaitwa Lapdap iliidhinishwa, ikilengwa Afrika. Ndani yake kulikuwa na dapsoni. 2008 ikaondolewa sokoni kwa sababu ilikuwa inashusha damu ya wagonjwa wenye upungufu wa G6PD. Yaani dawa ya malaria iligonga watu ambao damu yao imeumbwa hivyo na malaria! Na hatari ya dapsoni ilikuwa inajulikana miaka mingi kabla.

Kipimo kipo, tone la damu kutoka kidoleni. Mimi naona kingefaa kuwa cha kawaida kabla upewe hizo dawa, na kwa watoto wanaozaliwa maeneo ya malaria. Na wewe, kama kuna dawa ulimeza mkojo ukawa rangi ya Coke, acha kuimeza, enda hospitali, halafu kila ukienda kwa kemisti sema hivyo kabla ulipe.

Sistangu alitupa naftalini zote. Shosho bado anasema mtoto alipigwa na baridi.