Kabla ya Kuifuata Njia ya Wapagazi

Mgonjwa wangu mmoja wa kisukari alitaka kutembea kutoka Tabora hadi Ujiji, njia waliyoipita wapagazi wa Kinyamwezi wakiwa na frasila mbili begani. Kituo kimoja cha afya kilimkataza katakata, bila maelezo. Akanyamaza, akanunua viatu vipya, akaanza mazoezi peke yake kwa kwenda Kwihara na kurudi. Lengelenge lilimtoka kidoleni asilisikie, kwa kuwa miguu yake ilikwisha kuingia ganzi. Alipofika kwangu, kidole hakikuokoleka.

Lawama naiweka kwetu sisi watoa huduma. Kukataza ni rahisi. Kuandaa ndiyo kazi. Kila siku kliniki twahubiri kwamba kutembea ni tiba, kisha mgonjwa akitutii kupita kiasi twashtuka. Tumvue viatu kwanza. Tumguse nyayo kwa uzi wa nailoni, tupapase mapigo ya mishipa ya mguu. Mwenye kidonda asianze kabisa. Mwenye ganzi asianze bila ushauri wa daktari na viatu vinavyomfaa. Aliye salama ajizoeze miezi miwili au zaidi, akiongeza mwendo kidogo kidogo, kwa viatu vilevile atakavyosafiria. Kila jioni akague miguu, hata katikati ya vidole. Asiyeona vizuri akaguliwe na mwenziwe.

Kisha dawa. Januari 1867, Livingstone aliachwa bila kwinini baada ya wabebaji kutoroka na sanduku lake la dawa. Sanduku lilikuwa moja tu. Msafiri wa leo agawe dawa zake katika mifuko miwili, mmoja usibanduke mwilini mwake. Insulini iliyokwisha kufunguliwa hustahimili takriban wiki 4 chini ya nyuzi 30, na mchana wa Oktoba Tabora huvuka kiwango hicho. Juni au Julai ni afadhali. Mwendo mrefu hushusha sukari hata usiku wake, hivyo dozi ipangwe na daktari kabla ya safari, na glukosi iwe mfukoni.

Miombo ile ina mbung'o. Atakayepata homa wiki chache baada ya safari aseme alipita wapi, nasi tusiridhike na kipimo cha malaria pekee. Tutafute na vimelea vya malale.

Mgonjwa wangu angali anataka kwenda. Tutaonana tena kidonda kitakapofunga, naye nimemwagiza aje na viatu vyake vya zamani.