Shumileta Akirudi Sebuleni

Mwezi huu tunafukua kabati la kaseti. Na nyie wa Mahurunga, hela ya korosho ikishaingia, bisi na soda hazikosi!

Unamkumbuka Shumileta? Ni ile filamu ya Mussa Banzi ya mwaka 2005, yenye jini wa kike mrembo anayempenda mwanadamu. Banzi ndiye pia aliyetuletea Nsyuka, ile ya mzuka. Zote zilipigwa kwa kamera za video, kwa bajeti ya kuungaunga, na leo baadhi ya vitisho vyake vinachekesha. Si ajabu kwa watu wa bonde la Ruvuma. Wachongaji wa Kimakonde wanachonga mashetani kwenye mpingo tangu miaka ya 1950, mtindo ambao Samaki Likankoa ndiye anayetajwa kuuanzisha. Shetani yule ukimkazia macho, anatisha na kuchekesha kwa pamoja.

Kinachotisha mpaka leo kwenye Shumileta ni ile habari ya mpenzi wa tatu, asiye binadamu. Sisi watu wa pwani tunamwita jini mahaba. Mke akikataa kuguswa, au mimba ikichelewa, mtaa mzima unajua jibu: "Ana jini mahaba huyo!" Basi mwanamke anazungushwa kwa waganga huku mume hajapimwa hospitali hata siku moja. Jamani, jini huyu amebebeshwa mizigo mingapi isiyo yake? Uchovu wa shamba, deni lililofichwa, maneno ya mawifi, au "jini" mwenye namba ya simu pale Mtwara mjini.

Sasa fanyeni hivi. Jumamosi usiku watoto wakishalala, itafuteni filamu hiyo, iwe kwenye deki kama bado mnayo au kwenye flashi. Itazameni mpaka mwisho, kisha zimeni. Muulize mwenzio taratibu: "Mpenzi, kuna kitu gani kati yetu ambacho hatukisemi?" Halafu nyamaza. Usijitetee, usimkatize. Kama jibu ni mtoto, hospitali nendeni wote wawili, siyo mmoja.

Na akisema anaogopa kwenda chooni peke yake, msindikize bwana! Mapenzi ndiyo hayo. Tukutane mwezi ujao.