Somo la Sumu Lianzie Ghalani

Mwaka wa 2004, mahindi yenye aflatoksini yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, hasa Makueni na Kitui. Thika pia ilikumbwa. Sumu hiyo hutokana na kuvu inayoota kwenye nafaka isiyokauka, wala moto wa jikoni hauimalizi.

Nami, mkazi wa Theta, naonelea walimu wa ufamasia wasiifundishe kemia ya sumu kana kwamba inahusu mauaji na mahakama pekee. Mgonjwa mwenye macho ya manjano huenda akafika kwanza katika duka la dawa. Mfamasia aliyefunzwa vyema hatamuuzia tembe za malaria na kumuaga: atamuuliza amekula nini, atamhimiza aende hospitalini, na kuagiza mahindi yaliyosalia yahifadhiwe yapate kupimwa. Asiyejua kuuliza hivyo, hata akipita mtihani, hajahitimu.