Dereva Asikatwe Mshahara Bure



Pikapu kuukuu, kama Land Rover ya 1958, ikigonga "ko!" wakati wa kutia gia, dereva huambiwa amevunja gia boksi, akakatwa mshahara. Hiyo si haki. Kwanza magurudumu yazuiwe kwa mawe, gia itolewe, breki ya mkono iachiliwe, maana hushika propela yenyewe. Kisha fundi aingie chini, aizungushe propela kwa mkono huku na huku. Yunivasal ikicheza, au ikitoa vumbi jekundu la kutu, ugonjwa ni huo: imekosa grisi. Ibadilishwe upesi, kwani ikikatika mwendoni propela huanguka na kuua watu. Chama chetu kidai kila gari lipimwe mbele ya dereva kabla hajalaumiwa.