Reli Ikifa, Tuta Libaki la Wananchi

Serikali inajua sana kupima hifadhi ya reli inapotaka kumhamisha mtu. Rangi nyekundu, alama ya X ukutani, basi, fungasha virago. Lakini reli hiyo hiyo ikifa, vipimo husahaulika. Vyuma vinang'olewa, na tuta linabaki la mwenye meno.

Tumeshayaona. Reli ya Manyoni hadi Kinyangiri, ng'ambo ya mbuga ya Wembere kutoka kwetu Igunga, ilijengwa na Waingereza miaka ya 1930 na kung'olewa miaka ya 1940. Ile ya Mtwara–Nachingwea, mtoto wa ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga, ilifungwa 1962, nayo ikang'olewa. Mwananchi wa kawaida aliachiwa nini?

Sasa reli mpya ya kisasa, SGR, inajengwa kuja Tabora hadi Isaka. Reli ya zamani, iliyofika Tabora 1912 ikifuata nyayo za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, bado inabeba mizigo, na ibebe. Ila kipande chochote kitakachostaafishwa kiwe njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Kwa sheria, si kwa hotuba!

Reli haipiti Igunga, najua. Ndiyo maana tunajua uchungu wa kukosa njia. Simama kando ya barabara ya Singida–Nzega umtazame mtu wa baiskeli na gunia lake la mkaa. Semitrela la kwenda Kigali likipiga honi, anashuka kwenye lami, tairi la mbele linazama mchangani, gunia linamvuta upande. Huyu ni mjukuu wa wapagazi waliotembea hadi pwani na pembe za ndovu mabegani, na leo hana hata mita moja ya kupita kwa amani.

Atatokea bingwa wa kusema njia za baiskeli ni starehe za Wazungu. Wamarekani wa Wisconsin waliigeuza reli ya Elroy–Sparta kuwa njia ya baiskeli miaka ya 1960, kweli, kwa burudani. Kwani mtoto wa Bukene, huku Tabora, hastahili burudani? Tena treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo tuta lake ni tambarare. Mwenye mzigo atakanyaga pedeli bila kutoa ulimi.

Waheshimiwa wabunge wa Tabora, ulizeni huko Dodoma: hifadhi ya reli ya zamani itakuwa ya nani? Jibu liandikwe kabla mnunuzi wa chuma chakavu hajawasha gesi ya kukatia.