Mjengo Mkali Insta, Hati Iko Wapi?

Staa wa Bongo akiposti mjengo mpya, komenti zinajaa moto: bwawa, sebule ya vioo, ndinga mbili getini. Hati je? Hakuna anayeuliza!

Wenye hela zao kweli, wale wasiopiga selfi, wakienda kucheki nyumba Masaki au Mbezi Beach hawaanzi na bwawa. Wanauliza kisima kina maji ya chumvi au baridi, jenereta inabeba AC zote au taa tu, masika barabara inapitika? Kisha hati inapelekwa ardhi kufanyiwa upekuzi: jina la nani, miaka mingapi imebaki, benki imeishikilia kwa mkopo au iko huru.

Dalali atakuambia, “Bosi, ukichelewa inaenda.” Acha iende! Kimara mwaka 2017 nyumba kibao zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na tingatinga halikuangalia marumaru za mtu.

Sasa huyu msanii aliyemzawadia mama yake nyumba, video ikatrendi, mama akalia mpaka basi. Jina la mama limeshaingia kwenye hati, au bado ni la muuzaji?