Maktaba na Ziazimane: Hoja Kutoka Nkoaranga

Katika miteremko ya Mlima Meru, madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto yamezoeleka kiasi kwamba wenyeji wengi hawayaulizii tena. Chanzo chake kinajulikana. Ni floraidi, itokayo katika miamba ya volkano na kuingia kwenye chemchemi na mito. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa, na baadhi ya vyanzo vya eneo hili huvuka kiwango hicho mara kadhaa. Huko Ngurdoto, kituo cha utafiti cha Serikali kimeshughulikia uchujaji wa floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa. Elimu ipo, basi. Lakini mwalimu wa Nkoaranga, au muuguzi wa hospitali iliyopo hapo, au mzazi anayetaka kujua zaidi ya yale yaliyomo katika kipeperushi, aisome wapi?

Sehemu kubwa ya elimu hiyo imehifadhiwa katika tasnifu za vyuo na katika majarida ya kisayansi. Wala rafu za vitabu haziko mbali. Makumira kuna maktaba ya chuo kikuu, Tengeru kuna ya Taasisi ya Nelson Mandela, na mjini Arusha kuna maktaba ya mkoa. Zote zimo katika ukanda mmoja wa barabara ya kwenda Moshi. Hata hivyo, maktaba ya chuo huwekwa kwanza kwa ajili ya wanafunzi na walimu wake, na mwananchi asiye mwanachuo hubaki mgeni mlangoni. Dawa ya hali hii ina jina la kale: maktaba kuazimana vitabu, ili msomaji aombe katika maktaba iliyo karibu naye na kitabu kimfuate alipo.

Wazo hilo si geni katika nchi hii. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipeleka masanduku ya vitabu vijijini na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta. Baada ya uhuru, Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu jijini Dar es Salaam. Kuziweka maktaba za umma chini ya bodi moja kulikuwa na maana yake: kitabu kilichonunuliwa kwa fedha za taifa ni cha mwananchi wa Meru sawasawa na cha mkazi wa Upanga.

Wapo wasemao kwamba intaneti imekwisha kuizika kazi hiyo. Hoja yao ina uzito, kwa maana makala nyingi za tiba sasa husomwa bure. Tena, tangu mwaka 2002 mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani umezifungulia taasisi za nchi maskini maelfu ya majarida. Lakini mlango huo hufunguliwa kwa taasisi iliyojiandikisha, si kwa mtu mmoja mmoja. Mikataba ya majarida ya kielektroniki nayo mara nyingi huizuia maktaba kumpa mtu wa nje kile ilichokilipia. Kitabu cha karatasi kiliweza kuazimwa bila kumwomba mchapishaji ruhusa, ilhali faili huja na masharti. Kwa hiyo teknolojia iliyotarajiwa kuondoa kuta imejenga nyingine, na huu ndio mtihani halisi wa siku zijazo.

Isitoshe, si kila kitu kimo mtandaoni. Kirilo Japhet, aliyepeleka shauri la ardhi ya Wameru Umoja wa Mataifa mwaka 1952, aliandika pamoja na Earle Seaton kitabu cha The Meru Land Case, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1967. Kijana wa Nkoaranga anayetaka kusoma habari hizo za babu zake hatakikuta kwa urahisi dukani. Nakala chache zilizobaki katika maktaba zitamfaa iwapo tu zinaweza kusafiri.

Pingamizi la pili ni gharama na hofu ya upotevu. Hofu hiyo hupungua mkopo unapokuwa kati ya maktaba na maktaba, kwa kuwa mdaiwa ni taasisi yenye anwani na muhuri, si mtu binafsi. Mabasi yanayobeba vifurushi kila siku yanaweza kubeba vitabu pia. Pale sheria ya hakimiliki inaporuhusu, kurasa zinazohitajika hupigwa picha na kutumwa. Nchini Marekani, maktaba za hospitali zimekuwa zikiombana makala kupitia mfumo wa DOCLINE tangu mwaka 1985, na hospitali ndogo ndizo zinazofaidi zaidi.

Kinachohitajika kwanza ni orodha moja ya pamoja ya vitabu na tasnifu, ianzie Arusha, Tengeru na Makumira kabla ya kuenea. Pili, vyuo vikuu vinapojadiliana na wachapishaji vidai kipengele kinachomruhusu msomaji wa maktaba ya umma kusoma. Tatu, vyuo vya tiba viweke tasnifu zao wazi, pamoja na muhtasari wa Kiswahili.

Wajibu huu wa mwisho hauhitaji kusubiri bajeti ya mtu mwingine. Wananchi wa Meru walitoa maji yao yapimwe na meno ya watoto wao yachunguzwe. Utafiti unaochukua taarifa kijijini kisha usirudi kule hata kama nakala ya kuazima, haujalipa deni lake.